Safari Njema Huanzia Mizanini

Wanafunzi wenzangu, yako mambo ambayo watu wa mji wetu wa Bujumbura huyacheka kabla ya kuyafikiri. Moja la mambo hayo ni safari ya kwenda kuvua kwa ndege ndogo. Mtu akisimuliwa kwamba watu watatu au wanne wamekodi ndege ya injini moja, wakaruka kutwa nzima, wakatua penye kiwanja cha nyasi katikati ya pori, wakavua samaki kwa ndoana iliyofungwa manyoya, kisha wakawarudisha samaki wale majini wakiwa hai, hucheka na kusema, "Huo ni wazimu wa wenye fedha." Wengine huongeza kwamba safari kama hiyo haitaki akili, yataka mfuko uliojaa tu.

Mimi nasema sivyo. Fedha hukodi ndege, lakini fedha haifikishi ndege. Safari ya namna hii hufaulu au huharibika mezani, juu ya karatasi, siku nyingi kabla rubani hajawasha injini. Na kazi kubwa ya mipango yake ni kusema "hapana" mapema, wakati neno hilo lingali rahisi. Nitaeleza kwa nini, kwa maana hesabu zake zatufaa hata sisi tusio na fedha ya kukodi ndege.

Kwanza tuujue uvuvi wenyewe. Sisi wa ziwa la Tanganyika twawajua ndagala na mukeke, wanaovuliwa usiku kwa taa na nyavu. Uvuvi wa manyoya ni mwingine. Ndoana ndogo hufungwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu au samaki mchanga. Ndoana hiyo ni nyepesi mno, haiwezi kutupwa mbali peke yake. Kinachotupwa ni mshipi, ambao umetengenezwa mnene na mzito kiasi, nao huivuta ndoana nyuma yake. Mvuvi huupunga ufito wake nyuma na mbele, akauachia mshipi polepole mpaka ufike pale alipopataka. Ni kazi ya mkono mtulivu, na asiye na subira hujinasa sikio lake mwenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki uvuvi huu si mgeni. Mwaka 1905 samaki waitwao trauti waliletwa Kenya kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Siku hizi wavuvi wa manyoya huenda pia Tanzania, katika bonde la Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, ambayo maji yake huingia Kilombero na mwisho Rufiji. Huko humtafuta samaki mwenye meno makali kama msumeno, wa jamaa ya Hydrocynus. Mmoja wa jamaa hiyo alipewa na wataalamu mwaka 1986 jina la Hydrocynus tanzaniae. Meno yake hukata mshipi wa kawaida, kwa hiyo mvuvi hufunga waya mfupi karibu na ndoana. Bonde lile ni pana, lina vinamasi vingi, na wakati wa masika njia zake hazipitiki. Ndiyo sababu wageni wengi hufika kwa ndege ndogo.

Haya, tuchukue mfano. Watu wanne wa Bujumbura wanataka kwenda huko pamoja na rubani wao. Ndege waliyoipata ni Cessna 206, yenye viti sita. Kwa kuwa viti ni sita na watu ni watano, wao waona nafasi imebaki. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa, kwa sababu viti havihesabu uzito.

Tuhesabu sisi. Uzito mkubwa ambao ndege hiyo yaruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,633. Yenyewe tupu, pamoja na vifaa vyake, ina kiasi cha kilo 1,000. Zimebaki kilo 633. Matangi yake huchukua kama lita 330 za petroli, na kila lita ina uzito wa kilo 0.72, basi petroli peke yake ni kilo 238. Zimebaki kilo 395. Sasa waingie watu watano, tuseme kila mmoja ana kilo 80. Jumla yao ni kilo 400. Ndege imekwisha kuzidi kilo 5, na hakuna aliyepakia hata kipande cha sabuni! Kila mtu akileta mfuko wa kilo 15, ambacho ndicho kipimo kinachotumika sana katika ndege ndogo za Kenya na Tanzania, zimeongezeka kilo 75. Jumla ya ziada ni kilo 80.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Twaizoea methali hiyo kwa habari ya akiba, lakini yatimia pia kwa habari ya mzigo. Viatu vya ziada, chupa mbili za soda, kikapu cha maembe cha kumpelekea shemeji: kila kimoja ni kidogo, na vyote pamoja ni mtu mzima.

Hapana budi mmoja abaki. Akibaki mmoja na mfuko wake, hesabu yakaa sawa, na zimepatikana kilo 15 za fito, maji ya kunywa na sanduku la dawa. Lakini nani abaki? Hapa ndipo mipango mingi ya kwetu huvunjika, maana twaona haya kumwambia mkubwa wetu kwamba hakuna nafasi. Twasema, "Mzee apande tu, Mungu atasaidia." Mizani haijui cheo, wala haisikii dua ya mtu aliyekataa kuhesabu. Kwa hiyo, jambo hili lisiachwe mpaka asubuhi ya safari, watu wakiwa wamevaa na mizigo iko mlangoni. Lisemwe mwezi mmoja kabla, nyumbani, kwa heshima, pamoja na hesabu mkononi. "Hapana" ya mapema ni adabu. "Hapana" ya uwanjani ni matusi, na kwa sababu hiyo rubani dhaifu hushindwa kuitamka.

Mtu mwingine atasema, "Tupunguze petroli, tupande wote." Neno hili lasikika kama la busara. Tulitazame kwa njia yenyewe. Mashariki ya Bujumbura imesimama milima inayopita meta 2,600, hali kiwanja chetu, ambacho tangu mwaka 2019 kinaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, kiko chini kando ya ziwa, kiasi cha meta 787. Ndege ndogo iliyojaa hupanda polepole. Basi ni afadhali ielekee kusini juu ya ziwa mpaka Kigoma, kilometa kama 170. Kisha ifuate njia ya reli, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, mpaka Tabora, kilometa kama 350. Kisha ivuke nyika na milima ya Udzungwa mpaka Kilombero, zaidi ya kilometa 500. Kwa mwendo wa kilometa 240 kwa saa, ni saa 4 na nusu angani bila kuhesabu upepo. Na wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma usoni kwa wanaokwenda huko.

Ndege hiyo hula kiasi cha lita 57 kwa saa. Hata ikiondoka Bujumbura imejaa, itafika porini na lita kama 75 tu. Kurudi mpaka Tabora peke yake kwataka zaidi ya lita 125, na rubani mwangalifu huongeza akiba ya dakika 45. Huko porini hakuna pampu. Basi, ama watie petroli Tabora wakati wa kwenda, ama mapipa yapelekwe mapema na kuwekwa chini ya ulinzi, na petroli ichujwe isiwe na maji. Tena si petroli yoyote tu: injini ya Cessna 206 haitumii mafuta ya ndege za jeti, na kiwanja chaweza kuwa na yale kisiwe na haya. Sisi tulioona foleni za motokaa kwenye vituo vya petroli vya Bujumbura miaka hii ya karibuni hatuna haja ya kufundishwa kwamba kituo kuwapo si petroli kuwapo. Kwa hiyo anayetaka kupunguza petroli apate kwanza jibu la maandishi kutoka kwa mwenye kuiuza. Asipolipata, jibu ni lile lile: hapana.

Sasa tutazame saa. Saa ya Tanzania imetangulia ya kwetu kwa saa moja. Mtu akiondoka Bujumbura saa 12 asubuhi, Kigoma tayari ni saa 1. Tukiongeza muda wa karatasi na ukaguzi Kigoma, na wa petroli na mapumziko Tabora, safari nzima huchukua saa 7 hivi. Atatua Kilombero saa 8 mchana kwa saa ya huko, kungali na mwanga mwingi. Lakini tuseme mmoja wao amechelewa, mwingine amerudi nyumbani kufuata kofia, wakaondoka saa 4. Hiyo ni saa 5 ya Kigoma. Watafika saa 12 jioni, na kiwanja cha nyasi hakina taa. Tatizo dogo moja njiani, robo saa moja ya mvua ya kuzunguka, na giza limewakuta angani. Kofia imewagharimu safari.

Kwa hiyo, mpango mzuri huandika saa ya mwisho: ikipita saa fulani hatujaruka, twalala; kesho ni siku. Asubuhi ina faida nyingine pia. Hewa ikiwa baridi ni nzito, hubeba bawa vizuri. Mchana wa joto hewa hulegea, ndege hutaka kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Hapa Bujumbura hatuoni shida hiyo, kwa kuwa barabara ya kurukia ina meta 3,600. Hata ndege iliyolemewa itapata pa kukimbilia. Lakini uzito ulioondoka Bujumbura kwa urahisi waweza kukataa kuondoka penye nyasi ndefu, mchanga na miti mwishoni. Anayepanga safari asiulize tu, "Je, tutaweza kuruka kutoka hapa?" Aulize, "Je, tutaweza kuruka kutoka kule, saa sita mchana, siku ya kurudi?"

Na kiwanja cha kule ni mali ya nani? Si swali la kupuuzwa. Yuko mtu anayefyeka nyasi zake, anayefukia mashimo ya ngiri, anayefukuza ng'ombe akisikia mlio wa injini. Mtu huyo apigiwe simu juma moja kabla, na tena asubuhi ya safari. Mvua imenyesha? Udongo umekauka? Nyasi zafika wapi mguuni? Akisema "Msije leo," basi wasiende. Hakuna kitabu wala chombo kinachojua kiwanja kile kama yeye, maana amekitembea kwa miguu. Kadhalika mtoni: mwenyeji akisema hapa pana mamba, au njia hii ni ya kiboko, mgeni asimwonyeshe picha za magazeti.

Pia samaki wasitumbuliwe karibu na kiwanja. Matumbo huwaita tai na korongo, na ndege wa angani mmoja atosha kuiangusha ndege ya watu. Mwaka 1959 Michael Grzimek, kijana Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alikufa baada ya ndege yake ndogo kugongana na tai. Yeye hakuwa mzembe; hatari hiyo ipo tu. Kwa sababu ipo, haifai kuialika.

Nimefika kwenye jambo lichekwalo kuliko yote: kumrudisha samaki. Wavuvi hawa hukubaliana kabla ya kuondoka kwamba ndoana zao hazitakuwa na kile kijino kinachozuia isichomoke. Kwamba watalowesha mikono kabla ya kumshika samaki. Kwamba hawatamweka nje ya maji kwa muda mrefu. Kwa nini wakubaliane nyumbani? Kwa sababu mtoni, mikono ikitetemeka kwa furaha, hakuna anayetaka kusikia sheria. Ni ile ile "hapana" ya mapema. Samaki mkubwa wa mto ndiye mzazi. Akirudi, mto una kesho.

Je, ni desturi ya kigeni? Sidhani. Wavuvi wetu hapa ziwani hawatoki siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hazishindani na mwezi. Mipango yao imefuata mbingu tangu zamani, nao hawakuona aibu kukaa pwani. Mwaka 2003 nchi nne za ziwa letu, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza, na makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yako papa hapa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaa. Kwa mvuvi maskini hiyo ilikuwa "hapana" chungu, chungu kuliko ya tajiri anayemwachia samaki wa mchezo, na haifai kuilinganisha kwa wepesi. Lakini maana yake ni moja: anayekula leo aiachie kesho sehemu yake.

Najua wako watakaouliza, "Katika nchi ambayo wengi hawajapanda hata motokaa yao wenyewe, kwa nini tuongee habari za ndege za kuvulia?" Swali ni la haki, nami nalijibu hivi. Kwanza, kiwanja kinachotumika Jumamosi kwa wavuvi ndicho kinachotumika Jumatatu kwa mgonjwa. Madaktari wa ndege, ambao shirika lao lilianzishwa Nairobi mwaka 1957, wamekuwa wakitua penye viwanja vya nyasi kama hivyo. Mgeni anayekilipia kiwanja kifyekwe, akakiacha kizuri kuliko alivyokikuta, amemtengenezea njia mama mwenye uchungu wa uzazi asiyemjua. Mgeni anayekichimba kwa magurudumu siku ya matope, kwa kuwa hakutaka kungoja siku mbili, amemwibia mama huyo.

Pili, wageni watakuja tu, tukitaka tusitake. Swali ni sisi tutakuwa nani watakapokuja. Tutakuwa wachukuzi wa mifuko yao, au tutakuwa rubani, fundi wa injini, mtabiri wa hali ya hewa, mwongozaji wa mtoni, mwenye ofisi inayopanga safari yote? Kazi hizo hazianzi na fedha. Zaanza na yale yale tunayoyakimbia darasani: kujumlisha, kutoa, kugawanya, kusoma ramani, kuandika barua ya kuomba kibali cha anga, kujua mapema nani atagonga mihuri ya uhamiaji na forodha, nani atatoa leseni ya kuvua, na kadi za chanjo ya homa ya manjano ziko wapi. Hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya shule ya msingi. Maisha ya watu watano yaitegemea.

Basi, wenzangu, nawaomba jambo moja. Juma hili, kila darasa lipange safari yake kwa karatasi, hata kama ni ya basi kwenda Rumonge. Liandike uzito, muda, mafuta, mtu wa kupokea wageni, na saa ya mwisho ya kuondoka. Kisha, pembeni, liandike mambo matatu ambayo litayakataa hata aombe nani. Orodha hiyo ya pembeni isomwe kwa sauti mbele ya wote, mwalimu akiwapo. Atakayeweza kuisoma bila kumwogopa mkubwa wake ndiye nitakayekubali kupanda ndege yake.